Dondoo Lilivyobaki, Vitabu Vikabadilika

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya akikutana na dondoo kwenye karatasi ya fasihi, vidole hutangulia kalamu: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Hizo ni alama 4 za muktadha, na huziwinda kabla ya kugusa maudhui au tamathali za usemi.

Mazoea hayo ni ya tangu enzi ya mkoloni. Mtihani wa sekondari ulitungwa Cambridge, na majibu yakapelekwa Uingereza kusahihishwa. Mtahiniwa alipewa mistari ya Shakespeare aseme imetamkwa na nani, wapi na kwa nini. Alliance High School, alikosoma mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o kati ya 1955 na 1958, wanafunzi waliigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka. Maneno ya jukwaani yakawa pia marudio ya mtihani.

Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Oktoba 1968, Ngũgĩ na wenzake Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika, simulizi ikiwemo, ishike nafasi ya katikati. Mjadala ukaingia shuleni: mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi School kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Kenya ikapata baraza lake la mitihani 1980, na KCSE ya kwanza, mtihani wa kumaliza sekondari, ikafanywa 1989.

Leo karatasi ya fasihi ya Kiswahili ni ya saa mbili na nusu, maswali manne, alama 80, bila kitabu mezani. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed kilikuwa na zamu yake, vivyo hivyo *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora na *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei. Orodha mpya ikitoka, miongozo hujaa madukani, na vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni kuonyesha hadithi hizo.

Swali la insha ndilo humuumbua aliyekariri mwongozo. Akiambiwa ajadili ufisadi kwa alama 20, orodha tupu ya hoja haimtoshi. Kila hoja huthibitishwa kwa tukio la kitabuni. Ndiyo maana walimu wengi huagiza riwaya isomwe yote likizoni, mwongozo ufuate baadaye.