Kasoro, hitilafu, ila

Kila mara huduma ya kufuatilia angahewa ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuichunguza Dunia, inapotoa toleo jipya la mfumo wake wa utabiri, wataalamu huandika yaliyoongezwa, kisha huandika na yale ambayo mfumo bado unayakosea na wao wanayajua. Orodha hii ya pili naipenda kuliko ya kwanza. Mfasiri mwenye haraka ataiita “matatizo yanayojulikana” na kwenda zake. Hajakosea, ila amefanya uvivu, maana tunayo maneno yanayopambanua tatizo moja na jingine.

Mfumo wenyewe unaendeshwa na Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Muda wa Kati, chenye makao yake Reading, Uingereza. Mara mbili kwa siku hutabiri vitakavyokuwamo hewani duniani kote kwa siku tano zijazo: ozoni, vumbi la jangwani, masizi, moshi wa mioto ya nyika, chumvi inayorushwa na mawimbi. Angahewa imekatwa miraba yenye upana wa kilomita 40 hivi na, tangu Julai 2019, tabaka 137 kutoka ardhini kwenda juu. Awali zilikuwa 60.

Tuanze na kasoro. Neno hili tulilirithi kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kupungukiwa, na maana hiyo bado ni hai midomoni mwetu: saa tatu kasorobo ni saa tatu iliyopungukiwa robo. Hakuna aliyekosea hapo. Kuna kilichokosekana tu. Basi kasoro liwe jina la kile ambacho mfumo haukupewa. Kabla ya toleo la Julai 2019, hesabu yake ya chembechembe za hewani haikuwa na naitreti wala amonia iliyogeuka chembe, ingawa vitu hivyo hujaa katika hewa ya maeneo yenye mashamba makubwa na magari mengi. Hadi toleo la 48R1 la tarehe 27 Juni 2023, kemia ya stratosfia, tabaka linalobeba ozoni inayotukinga na jua, ilikuwa imerahisishwa mno. Toleo hilo ndilo lililoiingiza kwa ukamilifu. Kasoro dawa yake ni kujaza.

Hitilafu ni jambo jingine. Siku hizi tumezoea kulisikia kwenye umeme na mitambo, tukalisahau lilikotoka: watu wawili wenye hitilafu ni watu waliotofautiana. Nalipenda kwa maana hiyo ya kale, kwa sababu ndiyo hasa inayotokea kati ya utabiri na kipimo. Mraba mmoja wa kilomita 40 unaweza kuimeza Kampala, Entebbe na kipande cha Ziwa Viktoria, vyote vikapewa namba moja. Wakati huohuo AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, umefunga vipimo mitaani Kampala, hata kwenye bodaboda. Kipimo kilicho nyuma ya lori linalopanda mlima kitasema lake, na mraba utasema lake. Nani mwongo? Hakuna. Mmoja amesema wastani wa eneo zima, mwingine amesema pua ya mpita njia. Kuiita hali hii “kosa la mfumo” ni kumwonea mmoja wao.

Kuna na ila, neno ninaloliona tamu kuliko yote, kwa kuwa ni maneno mawili yaliyokutana. Moja ni doa, kama tusemapo kizuri hakikosi ila. Jingine ni “isipokuwa”. Asili zao katika Kiarabu ni mbali. Kiswahili kimeyapa sauti moja. Ila ya utabiri ni doa lenye mahali pake na wakati wake: mfumo uko sawa, ila. Moto wa nyika huonwa na satelaiti kwa joto lake, ila penye mawingu hauonekani. Joto hilohilo hutoka pia kwenye volkano kama Nyiragongo karibu na Goma, na kwenye miali ya gesi ya visima vya mafuta, hivyo sehemu hizo lazima zitiwe alama mapema zisihesabiwe kuwa nyasi zinazoungua. Tena kwa miaka mingi mfumo ulichukulia kwamba moto ulioonekana leo utaendelea kuwaka siku zote tano za utabiri, hata mvua ikinyesha kesho yake. Mtumiaji aliyeijua ila hiyo aliisoma siku ya tano kwa tahadhari.

Nikiwa hapo, niliseme na sasisho. Wengi hulitumia kwa toleo jipya la programu, lakini limezaliwa na “sasa”, na kila baada ya saa 12 mfumo huu hupokea vipimo vya satelaiti na kujivuta karibu na hali ilivyo. Hilo ndilo sasisho. Linalokuja baada ya mwaka au miaka ni boresho, au toleo tu.

Wahariri wa istilahi za hali ya hewa, na ninyi mnaotafsiri programu za simu zinazotangaza ubora wa hewa, msiyatupe maneno haya yote katika kapu la “matatizo”. Mwambieni msomaji ni kasoro, ni hitilafu au ni ila, ajue kama asubiri toleo lijalo, atafute kipimo cha mtaani kwake, au achungulie kwanza kama kuna mawingu.