Mwanasesere na Jina Lake

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, meli ya Liemba ilipofika Wampembe haikugusa nchi kavu. Ilitia nanga majini, maboti ya mbao yakaisogelea, na mizigo ikapandishwa mkono kwa mkono: magunia, ndoo za dagaa, magodoro, kuku. Ukitaka kujua kama umefungasha vizuri, pa kupimia ni hapo, katika zile sekunde chache ambapo boksi lako liko hewani kati ya boti linalopanda na wimbi na meli iliyotulia.

Mwanasesere wa mti ana udhaifu wake. Wanaoijua kazi hii huanza na shingo kabla ya boksi. Shingo huzungushiwa kitambaa mpaka inenepe sawa na kichwa, shanga hufunikwa peke yake zisikwaruze mti, kisha boksi dogo huingizwa ndani ya kubwa na nafasi ya katikati hujazwa kitu kinachobonyea na kurudi. Nyasi hufaa, ila ziwe zimekauka kweli. Zenye unyevu huleta ukungu. Tikisa. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua uanze upya.

Ziwa hili limeshuhudia ufungashaji wa kila namna. Liemba yenyewe ilikuja ikiwa ndani ya masanduku. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Huo nao ni ufungashaji, tena wa hali ya juu: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo wenyeji wa kusini mwa ziwa waliliitia maji haya tangu zamani, Liemba.

Meli ilipona kwa sababu waliofungasha walitaka iunganishwe tena. Sanamu zilizotoka ng'ambo ya ziwa hazikupata bahati hiyo.

Kaskazini mwa Wampembe, kwenye ufuko huuhuu, iko Karema, ambako Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold II walijenga ngome. Luteni Émile Storms aliisimamia, akafungua na kituo cha Mpala, upande wa pili wa ziwa, katika nchi ya Watabwa. Huko alipambana na chifu Lusinga, ambaye naye, tusimpambe, alikuwa mtekaji na muuzaji wa watumwa. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walivamia kijiji cha Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Wakachukua pia sanamu yake ya mti ya ukoo. Watabwa walikuwa wachongaji hodari. Hata mama aliyefiwa na pacha aliweza kuchongewa kisanamu, akakibeba na kukitunza kama mtoto.

Mali iliyotoka ziwani wakati ule ilifuata njia ya misafara kupitia Tabora hadi pwani, ikiwa mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Mzigo huo uliitwa mtumba. Ndiyo, neno lilelile tunalonunulia mashati ya mnadani leo.

Sanamu ya Lusinga ilifika Ubelgiji ikiwa nzima. Fuvu lake nalo lilifika. Storms aliitundika sanamu nyumbani kwake Brussels pamoja na nyara nyingine, na miaka ya 1930, baada ya kufa kwake, mjane wake alizitoa kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Leo tunajua ni ya Lusinga kwa sababu mshindi alipenda kujisifu na akaandika. Hilo linanikera kuliko wizi wenyewe. Wanasesere wangapi wa Kiafrika wamelala kwenye makabati ya Ulaya, shingo nzima, shanga zimetimia, na kibandiko kinachotaja kabila tu? Aliyewachonga hakuandikwa, wala binti aliyewabeba. Pamba ilitosha, karatasi moja ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo anayefungasha mwanasesere Wampembe leo, ampeleke Sumbawanga au Stockholm, aweke ndani ya boksi dogo, si kubwa ambalo hutupwa, karatasi yenye jina la mchongaji, kijiji, mti uliotumika na mwaka. Aiandike kwa kalamu ya risasi, maana wino hukimbia ukiloa, na maboti ya hapa huingiza maji.

Storms alichongewa sanamu ya kichwa chake huko Brussels, ikasimama hadharani kwa miongo mingi, jina likiwa limeandikwa wazi chini yake. Mwaka 2022 ilishushwa, kwa mpango wa kuipeleka Tervuren.