Daktari wa Mathari na Jani la Meru

Mwaka 1945 J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, alichapisha makala fupi katika East African Medical Journal. Kichwa chake kiliitaja miraa kuwa chanzo cha wazimu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Huo ndio mwaka wa Operesheni Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakizolewa Nairobi na kutupwa kambini. Kalamu ileile iliyotafuta ugonjwa kwenye jani ikaenda kuutafuta kwenye uasi.

Kile kijitabu mimi sikiamini hata kidogo. Kwa miraa, lakini, jamaa aligusa kitu.

Hakuwa na kemia tu. Alipoondoka Mathari mwaka 1950, hata dawa ya saikosisi haikuwepo. Klorpromazini ilianza kupewa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Kathinoni, yenye nguvu kuliko vyote ndani ya miraa, ilitambuliwa 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa.

Seli ya neva imezungushiwa utando wa mafuta. Kathinoni ni molekuli ndogo inayopenya mafuta, ndiyo maana ukitafuna jaba haikawii kufika ubongoni. Kwenye utando kuna vilango vya kurudisha dopamini ndani ya seli. Kathinoni huvigeuza, dopamini ikamwagika nje. Hiyo ndiyo handasi. Klorpromazini na haloperidoli, kwa upande wao, hukaa kwenye utando wa seli jirani na kuziba vipokezi vya hiyo dopamini. Sasa mgonjwa ameze dawa asubuhi, jioni atafune: amefunga mlango, halafu ameita umati uusukume.

Wengi hutafuna miaka na miaka bila kurukwa na akili, si uongo. Hatari ni kwa anayezidisha, na zaidi kwa aliyekuwa mgonjwa tayari.

Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, jamaa wa miraa anayelimwa Embu, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Tukabishana kuhusu soko, ushuru na karo, na kweli hilo jani linasomesha watoto. Katika kelele zote hizo sikusikia mtu akimtaja mgonjwa wa Mbeere aliye kwenye dawa, ambaye akifungua tu mlango wa jikoni yuko katikati ya muguka.