UZI: Hati unayo, mbona bado mnapigania ua?

1/ Kila msimu wa kampeni ahadi ni ile ile: "Tutawapa hati miliki na kesi za mipaka zitaisha." Makofi. Lakini ukifika mashinani unakuta majirani wawili, wote wana hati, na usiku mmoja kamkatia mwenzake ua wa kaiyaba. Mbona? Jibu liko miaka ya 1950. Twende polepole.

2/ Kabla ya ramani, mpaka ulipandwa. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, ilipandwa itoka, ua lenye tunguu lililozama ardhini, mbele ya wazee na majirani. Hao mashahidi ndio waliokuwa sajili. Kuing'oa lilikuwa kosa zito.

3/ Wakati huo huo mlowezi alipimiwa shamba, akawekewa bikoni, na sheria ya 1915 ikaruhusu akodishiwe kwa miaka 999. Mwafrika, katika maeneo aliyotengewa, hakuwa na hati yoyote.

4/ 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba viunganishwe, kila mwenye shamba asajiliwe kivyake. Lakini hiyo ilikuwa Hali ya Hatari. Katika Mkoa wa Kati wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Mipaka mingi ilichorwa wenyewe hawapo.

5/ Tena kulikuwa na haraka. Kuweka bikoni kila pembe kungechukua miaka na pesa nyingi, basi zikatumika picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Watu wakaambiwa wapande ua mpakani, umee hadi uonekane kutoka angani, ndege ipite tena, ndipo ramani sahihi zichorwe. Sehemu nyingi awamu hiyo ya pili haikukamilika. Ramani za mwanzo zikabaki kazini.

6/ Sheria ya 1963 ikakubali hali hiyo: ramani inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ikarithi wazo hilo. Kumaanisha, hati inasema shamba ni lako, lakini mara nyingi haisemi mstari unapita wapi hasa. Hata ukubwa ulioandikwa huwa ni makadirio.

7/ Ndiyo maana ule ua si mapambo, ni ushahidi. Sheria ya 2012 inamtaka kila mwenye ardhi atunze ua, mawe, kuta na bikoni za mpaka wake. Kwa alama ya pamoja, msajili anaweza kuamuru kwa maandishi ni nani aitunze. Na kung'oa au kuharibu alama bila ruhusa ya msajili ni kosa la jinai, hata kama babu yako ndiye aliyeipanda.

8/ Hapa ndipo wengi huumia: mahakama haisikilizi kesi ya mpaka kabla msajili hajauamua. Mtu anauza ng'ombe alipe wakili, halafu kesi inatupwa. Anza kwa msajili wa ardhi. Atawaita nyote wawili na kuwasikiliza. Ukitaka mstari kamili usio wa kukadiria, omba mpaka upimwe na uandikwe kwenye sajili kuwa thabiti.

9/ Na wazee je? Sheria ya 1990 iliwapa mabaraza ya ardhi nguvu ya kuamua mipaka. Mabaraza hayo yaliondolewa baada ya Katiba ya 2010, ilipoundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini Kifungu cha 159 bado kinatambua upatanisho wa kijadi. Mzee anayekumbuka itoka ilikuwa wapi ni shahidi wa maana. Ila mkishaelewana, pelekeni kwa msajili iandikwe, la sivyo watoto wenu wataanza upya.

10/ Kwa hivyo mheshimiwa akija na ahadi ya hati, usiulize "ngapi" pekee. Uliza: zile ramani za zamani zitarekebishwa lini? Ofisi ya ardhi ya kaunti yetu itapata wapima na gari la kufika mashinani? Bila hayo, hati inakupa shamba lakini ugomvi wa mpaka unabaki pale pale.

Mtumie jirani yako huu uzi kabla hajashika panga.