Walioendesha gari moshi kwenda Vita vya Tanga, majina yao unayajua?

Mtu wangu, ukipita pale stesheni ya Moshi kumbuka kitu kimoja: reli ile ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikaja kufika Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita 352! Kampuni iliyoanza nayo iliishiwa hela, serikali ya Wajerumani ikabeba mzigo.

Sasa udereva wa enzi hizo usidhani ni kukaa dirishani na kupiga honi. Injini iliwashwa masaa kadhaa kabla ya safari, maana maji ya boila siyo ya chai. Njia nzima mchochea moto anarusha kuni tanuruni (kazi hiyo ngumu ndiyo waliyopewa Waafrika), dereva jicho kwenye kioo cha maji. Yakishuka sana boila inaweza kulipuka, na hapo hakuna wa kusimulia. Moto ukilegea, treni inagoma mlimani, na kutoka baharini mpaka Moshi ni kupanda zaidi ya mita 800. Reli ikilowa, magurudumu yanateleza, unamwaga mchanga ndiyo yashike. Kushuka nako ni breki tu, roho mkononi.

Halafu ikaja Novemba 1914. Meli za Waingereza zimetia nanga Tanga na askari kama 8,000, wengi kutoka India. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, ambalo kwenye vita vya Tanga lilikuwa na watu kama 1,000 tu, sehemu kubwa lilikuwa huku Kilimanjaro. Kwa miguu wasingewahi hata kidogo. Wakapakiwa kwenye mabehewa Moshi, wakateremshwa kwa awamu mpaka Tanga, na tarehe 4 wakawachapa Waingereza vibaya.

Kamanda alishuka kwenye treni nje ya mji akaingia Tanga kwa baiskeli kupeleleza. Stori hiyo ya baiskeli inasimuliwa mpaka leo. Ya waliomfikisha pale? Kimya.

Na reli ilikuwa njia moja tu. Treni iliyoshusha askari haikupumzika: irudi kufuata wengine, isubiri stesheni ipishane na nyingine, giza totoro. Wanachochea, wanaangalia kioo cha maji, wanapakia kuni tena.