Hujizima
Wauza vifaa vya umeme husifu plastiki ya soketi kwamba "haishiki moto". Sikubali. Plastiki hiyo huungua. Ubora wake ni kujizima. Katika kipimo cha UL 94, daraja la V-0, kipande husimamishwa wima na kuchomwa kwa mwali. Mwali ukiondolewa, moto lazima uzimike ndani ya sekunde 10, na matone yake yasiwashe pamba iliyowekwa chini. Kwenye kiungio cha umeme sifa hii ni uhai: pini ikilegea, ukinzani hupanda, joto huzidi, plastiki hubabuka. Ndiyo maana kiwango cha IEC 62368-1 kinatambua pia kasha la kuzuia moto usitoke nje ya kifaa.