Sahihi ya Namur: mikoa ya Ulaya ilivyojipenyeza katika meza ya sheria

Katiba ya Ujerumani ina kifungu kilichowahi kukaa kitupu kwa miaka miwili. Ni kifungu cha 23. Mwaka 1949, nchi ikiwa imegawanyika, kiliandikwa ili sehemu nyingine za Ujerumani zipate mlango wa kujiunga na upande wa Magharibi siku itakapowezekana. Siku hiyo ilifika Oktoba 3, 1990. Ujerumani Mashariki ikapita katika mlango huo na kifungu kikafutwa, maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Desemba 1992 pengo lile likajazwa kwa maneno mapya kabisa, tena kwa shinikizo la majimbo 16 yaliyokuwa yamechoka kusoma magazetini sheria zilizopitishwa Brussels kwa jina lao.

Wanaoieleza historia ya mikoa katika Umoja wa Ulaya hupenda kuanza na Kamati ya Mikoa, chombo rasmi chenye ukumbi, rais na wakalimani. Mimi naanza na kifungu hiki, kwa sababu sauti yenye nguvu haikutoka katika ukumbi ule. Ilipatikana nyumbani, kwa kuibana serikali kuu kila ilipohitaji mkataba mpya uridhiwe.

Mkataba wa Roma, uliotiwa sahihi na nchi sita Machi 25, 1957, haukuipa mikoa wala manispaa chombo chochote cha kusemea. Kwa Ufaransa hilo halikuwa na uzito. Wananchi wake walichagua mabaraza ya mikoa moja kwa moja kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Kwa Ujerumani lilikuwa jambo zito. Shule, polisi na utangazaji viko mikononi mwa majimbo, lakini katiba iliiruhusu serikali kuu, iliyokuwa Bonn, kukabidhi mamlaka kwa Jumuiya ya Ulaya, iliyoutangulia Umoja wa leo, hata yale yasiyokuwa yake. Ni kama kumkirimu mgeni kwa kuku wa jirani. Mwaka 1966 mwanasheria Hans Peter Ipsen aliandika kuwa Jumuiya ile ilikuwa na upofu: iliziona nchi, haikuyaona majimbo.

Ugomvi wa televisheni unaonyesha kilichokuwa kikiuma. Baada ya enzi ya Hitler, ilionekana hatari serikali kuu kuishika tena mikrofoni, ndiyo maana utangazaji ukawa kazi ya majimbo. Oktoba 3, 1989 Jumuiya ikapitisha mwongozo wa televisheni ulioweka masharti ya matangazo ya biashara na kutaka sehemu kubwa ya vipindi itengenezwe Ulaya. Majimbo yalipinga, Bonn ikakubali. Jimbo la Bavaria likaishtaki serikali kuu, na Machi 22, 1995 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ikaamua kwamba serikali kuu, inapokaa Brussels kwa jambo la majimbo, imekaa kama mdhamini wa haki zao, na kwamba katika suala la kiwango cha vipindi vya Ulaya ilikuwa imezikiuka.

Majimbo hayakukaa kusubiri hukumu hiyo; yalikuwa yameanza kudai haki yao hata kabla ya kesi. Mwaka 1986 Jumuiya ilipotaka kupanua mamlaka yake, Bundesrat, yaani baraza la majimbo, liliridhia kwa sharti kwamba serikali ilisikilize kabla ya kupiga kura Brussels. Mkataba wa Maastricht wa Februari 1992 ulikuwa mkubwa zaidi, na bei yake ikapanda. Kifungu kipya cha 23 kikapita: kukabidhi mamlaka kwa Ulaya kunahitaji kibali cha Bundesrat; pale sheria ya Ulaya inapogusa kwa uzito madaraka ya majimbo, maoni ya baraza hilo lazima yawe na uzito wa juu katika msimamo wa nchi; na pale inapogusa mambo ambayo ni ya majimbo peke yake, anayekaa kwenye kiti cha Ujerumani ni waziri wa jimbo. Mwaka 2006 orodha ya mambo hayo ilipunguzwa ikabaki shule, utamaduni na utangazaji.

Waziri wa jimbo asingeweza kukaa hapo kama mkataba wenyewe usingemruhusu. Ujerumani na Ubelgiji zilihakikisha Maastricht inabadilisha sentensi moja tu: badala ya kusema Baraza la Mawaziri linaundwa na wajumbe wa serikali za nchi, ikasema linaundwa na wawakilishi wa ngazi ya uwaziri wenye mamlaka ya kuifunga nchi yao. Kwa sentensi hiyo waziri wa mkoa wa Flanders anaweza kuongea kwa niaba ya Ubelgiji yote. Ila haongei kwa niaba ya Flanders. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: makubaliano ya Machi 8, 1994 kati ya serikali zake yanataka wote waafikiane kwanza, na wasipoafikiana, nchi haipigi kura ya ndiyo wala ya hapana.

Pembeni ya mambo hayo ya katiba kulikuwa na biashara ya milango na kadi za utambulisho. Birmingham ilifungua ofisi Brussels mwaka 1984. Hamburg na Saarland zikafuata mwaka 1985, kisha Catalonia. Wengine walijificha nyuma ya kampuni au taasisi, ili miji mikuu yao isidai kwamba mkoa unafungua ubalozi. Madrid ilikwenda mahakamani kuipinga ofisi ya Nchi ya Wabasque, na Mei 1994 Mahakama ya Katiba ya Uhispania ikasema kuwa na ofisi Brussels si kufanya diplomasia. Msomaji wa Zanzibar anayekumbuka sakata la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, la mwaka 1993, visiwa vilipojitoa miezi michache tu baada ya kujiunga, atauelewa wasiwasi wa Madrid bila kufafanuliwa zaidi. Bavaria haikujificha. Ilinunua jengo la zamani la Taasisi ya Pasteur, hatua chache kutoka Bunge la Ulaya, ikahamia mwaka 2004 kwa mbwembwe kiasi kwamba wenyeji walilibatiza jina la kejeli linalofanana na la kasri la Neuschwanstein.

Kilichowavuta wote hao kilikuwa fedha. Jacques Delors, akiwa rais wa Tume ya Ulaya, alisimamia mageuzi ya mwaka 1988 yaliyoongeza maradufu fedha za kuendeleza mikoa iliyo nyuma na kutaka mipango yake itengenezwe pamoja na mikoa yenyewe. Mwaka huohuo Tume iliunda baraza la ushauri la wajumbe 42 kutoka mikoa na manispaa. Lilikuwa la kushauri pale lilipoulizwa, basi.

Kutoka hapo ikazaliwa Kamati ya Mikoa, iliyokutana mara ya kwanza Brussels Machi 9, 1994 ikiwa na wajumbe 189. Ugomvi ulianza siku ileile, na haukuwa na serikali za nchi bali kati ya mikoa na miji. Wakuu wa mikoa yenye mabunge yake hawakupenda kukaa safu moja na mameya. Mameya nao waliona kwamba mji mkubwa una watu wengi kuliko mikoa kadhaa. Suluhu ikawa kugawana miaka minne: Jacques Blanc wa Languedoc-Roussillon aongoze miwili ya kwanza, Pasqual Maragall, meya wa Barcelona, amalizie. Kamati ilipewa haki ya kutoa maoni, na maoni hayo hayamfungi mtu. Hata makarani ilibidi itumie wa Kamati ya Uchumi na Jamii, mpaka Mkataba wa Amsterdam ulipoipa wake.

Mwaka 2001 mikoa saba yenye mabunge yake, miongoni mwao Bavaria, Uskoti, Catalonia na Flanders, ilitoa tamko la pamoja ikitaka hadhi zaidi ya hiyo. Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika Desemba 1, 2009, uliwajibu nusu: Kamati ikaruhusiwa kwenda Mahakama ya Ulaya kudai sheria imenyakua jambo ambalo lingeamuliwa karibu zaidi na wananchi. Zaidi ya muongo mmoja baadaye ilikuwa haijafungua kesi hata moja ya aina hiyo. Wanaoitetea husema tishio linatosha. Sijashawishika.

Mkoa wenyewe, ukiwa peke yake, mbele ya mahakama hiyo si chochote zaidi ya mlalamikaji wa kawaida. Machi 21, 1997 Wallonia, mkoa wa Ubelgiji, iliambiwa kwamba nchi mwanachama ni serikali kuu tu. Visiwa vya Åland, vyenye wakazi wapatao 30,000 na bunge lao chini ya Finlandi, vilionja hilo kwa ugoro. Sheria ya Åland iliruhusu tumbaku ya kuweka mdomoni kuuzwa kwenye meli zake, kinyume na marufuku ya Ulaya. Tume iliishtaki Finlandi, na Mei 2006 ni Finlandi iliyotiwa hatiani kwa sheria ambayo bunge la Helsinki halikuitunga. Waliotunga hawakuwa na kiti mahakamani wala mbunge wao katika Bunge la Ulaya.

Wallonia haikusahau somo la 1997. Mwaka 2016 mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Kanada, CETA, ulikuwa tayari baada ya majadiliano ya miaka saba, na mwezi Julai Tume ilikubali usainiwe na Umoja pamoja na kila nchi mwanachama. Ubelgiji haikuweza kusaini mpaka serikali za mikoa yake ziipe mamlaka. Wallonia ni mkoa wa watu wapatao milioni 3.6, wenye migodi iliyofungwa na viwanda vinavyofungwa. Septemba mwaka huohuo Caterpillar ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Gosselies na kuondoa ajira zipatazo 2,000. Wakulima wake waliogopa nyama ya Kanada. Wanasiasa wake waliogopa zaidi mabaraza ya usuluhishi ambamo kampuni ya kigeni ingeweza kuishtaki serikali nje ya mahakama za nchi.

Oktoba 14 bunge la mkoa, mjini Namur, lilimkataza waziri mkuu wa Wallonia, Paul Magnette, kutoa idhini. Kwa wiki mbili Umoja wenye watu zaidi ya milioni 500 ulisubiri mji mdogo wa kando ya mto Meuse. Waziri wa biashara wa Kanada, Chrystia Freeland, alitoka Namur Oktoba 21 akijizuia kulia mbele ya kamera. Mkutano wa kusaini uliopangwa Oktoba 27 ukaahirishwa. Hatimaye Wabelgiji wakaafikiana: yakaandikwa maelezo ya ziada kuhusu wakulima na majaji, na Ubelgiji ikaahidi kuiuliza Mahakama ya Ulaya kama utaratibu wa mabaraza yale unaafiki mikataba ya Umoja. Oktoba 30, siku ya Jumapili, CETA ikasainiwa. Aprili 30, 2019 Mahakama ilijibu kwamba unaafiki. Wallonia ikawa imeshindwa kisheria, lakini imejibiwa, tena na mahakama ileile iliyokuwa imeiambia haihesabiki.

Brussels nayo ilijifunza. Mei 2017 Mahakama ya Ulaya ilitoa maoni kuhusu mkataba na Singapore: karibu mambo yote ya biashara ni mamlaka ya Umoja peke yake, isipokuwa machache, hasa usuluhishi wa kesi za wawekezaji. Tume ikaugawa mkataba ule vipande viwili, biashara upande mmoja, ulinzi wa wawekezaji upande wa pili. Mkataba na Japani ukaandikwa bila sura ya usuluhishi huo, ukasainiwa Tokyo Julai 2018 na kuanza kutumika Februari 1, 2019. Safari hii sahihi ya Namur haikuhitajika.